Madam Mongina na Maji ya Fuwele

Madam Mongina aliingia Kidato cha Tatu, akatupa karatasi za jaribio mezani hadi chaki zikaruka.

"Darasa zima jibu moja! Na jibu lenyewe uongo!"

Wasichana waliinama. Mwalimu mkuu, Bwana Kiptum, alikuwa ameshasema kwamba wakianguka jaribio hili, shule yao hapa karibu na Mogogosiek itaacha kemia, wao wasajiliwe upishi. Maneno hayo Mongina aliwahi kuambiwa akiwa msichana kule Kisii. Alisoma kemia kwa ukaidi, na hasira ile hajaitua hadi leo.

"Chepyegon, simama. Gramu ishirini na nane nukta sita za fuwele za soda ya kufulia ni moli ngapi?"

"Nukta mbili saba, madam."

"Umegawanya kwa mia moja na sita. Fomula ina molekuli kumi za maji. Umezipeleka wapi?"

"Nimekata, madam."

"Nani alikutuma ukate?"

Winny akadakia kutoka nyuma, "Si hata karani wa chai hukata? Maji si chai!"

Darasa likacheka. Mongina hakucheka. Wote mle walichuma chai nyumbani, na mvua ikinyesha, karani wa kituo hukung'uta gunia, hupima, kisha huondoa kilo za maji. Hakuna aliyewahi kushinda ubishi naye.

"Na maji yaliyo ndani ya jani lenyewe, huyo karani huyakata?"

"Aah, hapana," Winny akasema. "Akikata hayo, si tutabaki na majani makavu?"

"Ehe! Maji ya fuwele si ya mvua. Yako ndani, nayo yamepimwa pamoja na soda. Jumlisha yote, ndipo ugawanye!"

Chepyegon akaongeza mia moja na themanini za yale maji kumi, akapata mia mbili themanini na sita. Akagawanya. "Nukta moja, madam."

"Too late," ilisema sauti mlangoni. Ni Bwana Kiptum. "Alama ni zile zile, madam. Waende wakapike."

"Mpe swali wewe mwenyewe. Chagua kitabuni."

Alifungua kitabu kwa kidole kimoja. "Gramu hamsini za fuwele za buluu za mrututu, yaani salfati ya shaba. Zina molekuli tano za maji. Ni moli ngapi?"

Chepyegon aliandika polepole. Alijumlisha shaba, salfa, oksijeni na maji yote matano: mia mbili na hamsini.

"Nukta mbili, sir."

Bwana Kiptum alitazama jibu nyuma ya kitabu, akakifunga. "Haya, wabaki na kemia. Wakianguka mtihani wa taifa, ni juu yako."

"Na wakipita, itakuwa juu ya nani?"

Bwana Kiptum alirudisha kitabu mezani. Mongina alimpa mgongo kabla hajaondoka, akafuta ubao kwa kiganja kitupu.

"Mnatazama nini? Swali la pili pia mliliharibu. Andikeni!"