Wanalitaka gita la marehemu mume wangu, na binti yangu naye analitaka

Admin, nifichie jina, maana Bukoba ni ndogo na watu wa bendi wananijua.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, mjane, naishi Kashozi na binti yangu wa mwisho. Mume wangu alipiga gita la solo kwenye bendi iliyokuwa ikitamba hapa mjini tukiwa vijana. Bendi ilishakufa, na yeye amekufa. Lililobaki ni gita lake, nililitundika chumbani.

Mwaka jana walikuja vijana fulani wa Miembeni. Hao kazi yao ni kupiga nyimbo za ile bendi tu, hata mashati wameshona yanayofanana. Kiongozi wao akaniomba gita kwa heshima zote. "Mama, bila gita lenyewe tunaigiza tu," akasema. Nikakubali wawe wanaliazima na kulirudisha. Msinicheke, nilitaka nimsikie mume wangu tena.

Niwaeleze kitu. Mume wangu alikuwa mashoto. Alijifunzia gita la kaka yake, na kaka mtu alikataza nyuzi zisiguswe, kwa hiyo akaligeuza tu juu chini akazoea hivyo hivyo. Hata alipopata la kwake hakubadilisha nyuzi. Sasa ukiligeuza, ile nobu ya sauti, kile kitufe cha kuzungusha, inakuja upande wa juu, pale mkono unapopita. Kila alipopiga mkono uliigusa, sauti ikapanda na kushuka kama mtu anayehema. Watu walidhani ni ufundi. Mimi nilijua ni mkono, maana jioni nilikuwa namenya ndizi huku yeye anafanya mazoezi mbele yangu.

Siku moja vijana walipiga kwenye harusi Muleba, tukaalikwa mimi na binti. Wakapiga wimbo alionitungia mimi. Gita lilikuwa lile lile, lakini aliyelishika anatumia mkono wa kulia, na ile sauti ya kuhema alikuwa anaitafuta kwa kukanyaga mashine chini kwa mguu. Ilitoka safi kabisa. Mume wangu hakuwemo. Nikalia mpaka kitenge kikalowa, na kiongozi wao akatangaza kwenye maiki kwamba mama analia kwa furaha.

Kesho yake wakalirudisha. Nilikuwa uani namenya ndizi, binti yangu akalichukua, akalichomeka kwenye spika. Yeye pia ni mashoto, na baba yake alifariki akiwa mdogo sana hata hamkumbuki. Akaligeuza juu chini, akaniuliza kuhusu baba yake, "Hivi ndivyo tata alivyolishika?" Kabla sijajibu akaanza ule wimbo. Alikuwa anakosea kosea, maana gita amejifunza kidogo tu kwenye kwaya, lakini sauti ikapanda, ikashuka, ikahema. Kisu kikanidondoka. Nililia kuliko siku ya mazishi, nikamnyang'anya gita nikalifungia chumbani, na kila siku akawa ananiomba nimfungulie.

Sasa vijana wanataka niwape moja kwa moja, na siku ile nilipotoka harusini nimevunjika moyo niliwaahidi kuwa siku moja nitawapa. Nilipowaomba basi wamchukue na binti apige, kiongozi akasema watu wanakuja kuona bendi kama ilivyokuwa, na mpiga solo hakuwa mwanamke. Nilipomweleza binti, akasema, "Mama, wao watakuwa na gita lake. Mkono wake ninao mimi."

Tangu hapo hanisumbui tena, na hilo ndilo linaloniumiza. Jana nimemkuta jikoni amesimama na mwiko, ameukumbatia, vidole vya mkono wa kulia vinatembea juu ya mpini. Aliponiona akauchovya kwenye sufuria kama vile alikuwa anakoroga.

Jumamosi wanakuja kulichukua. Nikiwapa, nitapumzika, ila mwanangu nitakuwa nimemvunja. Nikimwachia, kila akipiga nitageuka kumtazama baba yake, na kila nikigeuka nitamkuta hayupo.

Ndugu zangu, hasa mliofiwa na wenzenu, nishaurini. Nifanye nini?