Barieri ya Zanzibar

Nasema mwenyewe, kwa sababu bibi yangu Kavira, mama wa batoto wangu, ameshaanza kuisema hii habari sokoni Butembo.

Tulikwenda Zanzibar kuona jumba la zamani la sultani. Kwenye mulango musoda alisimama na bunduki. Kwetu Butembo, tangu vita ianze, mutu hapiti barieri, kizuizi cha basoda barabarani, bila kuvua kofia na kutoa sigara. Donc nikavua kofia.

"Bonjour chef. Hatuna kitu, tuko batembezi tu."

Hakujibu. Nikajua anataka zaidi. Nikamuwekea sigara moja mukononi, kisha pakiti yote. Akabaki kuniangalia. Nikaanza kufungua saa yangu.

Nyuma yetu, muzee mwenye kuketi kwenye kiti akakohoa.

"Baba, hiyo ni sanamu. Mlinzi ni mimi, na mimi sivuti."