Ngozi ya Ng'ombe wa Umeme

Baba alikuwa na ng'ombe wawili zizini, na wa tatu, alivyopenda kusema, yuko Dar es Salaam. Huyo wa tatu alikuwa karatasi. Mzungu ambaye baba alimpikia miaka mingi, alipouza shamba lake la kahawa na kurudi kwao baada ya Uhuru, alimpa hisa za kampuni ya umeme ziwe kiinua mgongo. Sisi kule Masama bado tulikuwa tunawasha koroboi.

Neno hisa halikumsumbua baba. Uchaggani tangu zamani mtu huweka ng'ombe wake kwa mwenzake: mlishaji anakunywa maziwa na kubaki na mbolea, mwenye ng'ombe analetewa ndama. Kwa hiyo gawio likifika posta, alivaa koti, akateremka Moshi kulichukua, na akirudi alimwambia mama kwamba ng'ombe amezaa.

"Ng'ombe gani huyu asiye na mbolea?" mama alimuuliza. "Migomba yangu itakula karatasi?"

Ndama hao ndio walionilipia ada mpaka nikawa mwalimu. Ninalisema hili mapema, kwa sababu wakati ule sikulisema kabisa.

Likaja Azimio, nchi ikashika ujamaa. Nilikuwa msichana mwenye moto, na niliutaka ukatibu wa vijana wa chama katika tawi letu. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa. Za baba yake hazikutajwa popote, ila mimi nilijitafutia aibu: nitahubirije habari za kupe na mirija ya wanyonyaji, na kwetu kuna ng'ombe wa karatasi?

Ndipo ilipokuja barua. Ilikuwa ya Kiingereza, na msomaji wa barua za baba nilikuwa mimi. Serikali inanunua hisa zote; wenye nazo wapeleke vyeti vyao, walipwe. Niliisoma mara mbili, yeye kasimama mlangoni na mkungu wa ndizi begani.

"Wanasemaje?"

"Serikali imechukua kampuni, baba. Hakuna gawio tena."

"Kwa hiyo ng'ombe amekufa." Akautua mkungu. "Ngozi iko wapi?"

Ng'ombe wa kuwekwa akifa, mlishaji humpelekea mwenyewe ngozi, ajue kwamba hakuchinjwa kwa siri. Barua ile ndiyo ilikuwa ngozi, nami nilikuwa nimeishika. Nikamwambia hawakuleta. Alipotoka, niliitia motoni kati ya mafiga, asije akaenda kudai malipo na watu wa tawi wakajua.

Ukatibu wenyewe walimpa mwingine.

Miaka yote iliyofuata baba aliwalaumu watu wa Dar es Salaam. Fedha hakuzilia sana. Kilichomuuma ni ngozi. "Hata mlishaji mlevi huleta ngozi," alisema. Mama aliacha kumtania, nikajua baba ameumia kweli. Mara kadhaa nilikaa naye nikiwa nimeazimia kumwambia, nikaishia kumuuliza habari za mibuni yake. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujipa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia mbele ya mjukuu wake hasa. Baba alipougua mara ya mwisho alimwita binti yangu, akampa mtamba, ng'ombe wa kweli huyu, mwenye kwato na mbolea.

"Shuleni huwezi kumlisha," alimwambia. "Muweke kwa mtu. Lakini usimuweke kwa watu wa mbali, watakunyima hata ngozi. Muweke kwa unayemjua, kama mama yako."

Nilikuwa nimeshika bakuli lake la mtori wa ndizi. Nikamwambia ale kabla haujapoa.