Nyuma ya Kihenge

Wifi yangu Editha hajui kunyamaza. Tangu kaka yangu Alute alipomleta kutoka Ulemo akiwa bibi harusi, sijawahi kumshinda kwa maneno. Pale barabarani Mkiwa, anapouzia kuku, dereva wa lori akitaka kumpunja husemwa mpaka anaomba radhi na kununua wawili. Ndiyo maana inaniuma kusema kwamba siku aliyonyamaza ndiyo iliyomponza.

Mwaka wa tatu wa ndoa yake alijifungua mtoto wa kike aliyeishi siku mbili. Kwetu mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake peke yao. Hapewi jina, haliliwi hadharani, hawekewi jiwe, na wanaume hawaulizi. Mimi na marehemu mama tulimzika nyuma ya kihenge cha mtama, na Editha alipopata nguvu nikamwonyesha mahali. Tangu hapo hakuruhusu plau ipite pale. Kila mvua zikianza alipanda maboga, na majani yake hakuna aliyethubutu kuyachuma.

Miaka ishirini na sita baadaye wakaja watu wa nikeli. Mkutanoni walituonyesha picha ya gari jeupe lisilotoa moshi, wakasema betri zake zitatokana na madini yaliyo chini ya mashamba yetu, na hewa ya dunia itakuwa safi. Editha, ambaye macho yake yameharibiwa na moshi wa kuni, aliuliza kama hiyo hewa itafika na jikoni kwake. Watu wakacheka. Gerald, afisa mahusiano wa kampuni, naye akacheka, kisha akaendelea na ajenda. Kile kicheko sijakisamehe, ingawa ni kijana mwenye heshima na hajawahi kunipita bila shikamoo.

Ilibidi tuhame. Kuhusu makaburi walijitahidi, nisiwasingizie. Kila kaburi lingehamishwa kwa jeneza jipya na sala, mradi mkuu wa kaya alionyeshe mbele ya kamati. Zamu yetu ilipofika, Alute alionyesha la baba, la mama na la mdogo wetu. Gerald akauliza kama kuna lingine. Nilimtazama Editha. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye maboga, anatazama miguu yake.

Alikuwa na sababu. Mkwe wake Faith alikuwa na mimba ya miezi saba, na kwetu kumtaja mtoto wa nyuma ya kihenge mbele ya wanaume ni kumwita yule aliye tumboni amfuate mwenzake. Mtuone wajinga, sawa. Faith alikwisha kupoteza mimba mbili. Editha alichagua aliye hai, na mimi nikafunga mdomo pamoja naye.

Faith akajifungua salama, mtoto wa kiume. Wiki hiyohiyo Editha alikwenda ofisini kwa Gerald akasema yote. Akaambiwa orodha imefungwa. Akaulizwa jina la marehemu, hakuwa nalo. Akaulizwa cheti, picha, alama yoyote ya kaburi. Alute, ambaye alikuwa hajawahi kuambiwa mwanawe amelala wapi, alitia sahihi kwenye barua ya madai huku analia. Barua ikapelekwa makao makuu, na wakati tunasubiri tukahamishiwa kwenye nyumba mpya, uzio ukajengwa. Baada ya miezi minne jibu likaja kwamba madai yanayoletwa baada ya tathmini kwa kawaida ni ya kutafuta fidia.

"Hela zao sizitaki," Editha alimwambia Gerald. "Nipeni jembe na nusu saa."

Gerald alihangaika, na hilo nalisema kwa haki. Alipiga simu, akaandika upya, mwishowe akapata kibali. Alitupakia kwenye gari mimi na wifi, tukavalishwa kofia ngumu na mabuti, tukapita getini.

Hakukuwa na kitu. Nyumba, kihenge, zizi, hata kichuguu tulichowekea mpaka, vyote havikuwepo. Udongo wa juu ulikuwa umekwanguliwa wote na kurundikwa mbali huko, na ardhi imebaki nyekundu na tambarare kutoka uzio hadi uzio. Gerald akasema taratibu, "Mama, tuonyeshe."

Editha alitembea upande huu, akarudi, akatembea upande ule. Kisha akanigeukia.

"Wifi, wewe ndiye uliyemzika. Ni hapa?"

Sikujua. Gerald alikuwa anatazama saa, na wifi yangu alikuwa ananitazama mimi. Nikasema ni hapa.

Alichimba mwenyewe. Aliujaza udongo kwenye kitenge, akaufunga, akaubeba kifuani mpaka makaburi mapya. Mchungaji akaomba, mafundi wakajengea saruji. Kibao kilihitaji jina, akampa la mama yake, Rahabu. Watu wa kampuni walipiga picha, na nasikia imo kwenye taarifa yao ya mwaka.

Mwezi uliopita tulikwenda kupalilia makaburi ya ukoo. Editha alipalilia la baba, la mama na la mdogo wetu, akalipita lile dogo bila kusimama. Nikamuuliza kwa nini.

"Mle kuna kitenge changu tu, wifi," alisema. "Rahabu walishamkwangua."

Nilitamani anitukane. Aliniomba nimsogezee jembe, akaendelea kupalilia.