Nyumba Iliyouzwa na Mtu Ndani

Mwanaume aliyetuuzia nyumba ya Misunkumilo alituambia mapema kwamba ina mpangaji. "Mama mmoja mtu mzima, anakaa vyumba vya upande wa jikoni. Hana makuu. Nyie hamieni tu, kodi mtaongea naye wenyewe."

Siku tuliyokwenda kuiangalia, mama huyo alikuwa shambani. Mimi na mume wangu hatukujali. Tulikuwa tumechoka kupanga, na watoto walikuwa wanakua. Tukaandikishana mbele ya mashahidi, na wiki hiyohiyo mwuzaji akapanda treni ya Tabora.

Tulipofika na mkokoteni wa vyombo, tulimkuta mama uani akipura maharage. Alitupa maji ya kunywa, kisha akasema, "Mzee hakuniambia kama kuna wageni."

Mume wangu akacheka kidogo. "Sisi siyo wageni, mama. Tumenunua nyumba. Wewe si ndiye mpangaji?"

Aliweka fimbo chini. "Mpangaji? Mimi ni mke wake. Matofali haya nimeyachotea maji mwenyewe, na mtoto mgongoni."

Mwenye mkokoteni, aliyekuwa na haraka zake, akaanza mwenyewe kushusha magodoro yetu.

Mwenyekiti wa mtaa alisoma karatasi yetu akasema ni halali. Akamsikiliza mama, akasema naye ana haki, maana hakushirikishwa. "Mtafuteni huyo bwana," akamaliza. Mume wangu alikwenda hadi Tabora. Katika mtaa aliotutajia mwuzaji, hakuna aliyemjua. Alirudi na homa, na yule bwana hatukumwona tena.

Basi tukaishi pamoja. Sikuweza kumwambia mama ahame, wala kumwambia akae. Nikikaanga vitunguu, nilijiona kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu bila hodi. Laiti angenigombeza! Hakunigombeza. Alinifundisha ni upande gani wa paa unavuja, na wapi pa kuweka ndoo. Lakini honi ya treni ikilia stesheni, aliacha kila alichokuwa anafanya, akatulia, halafu akaendelea.

Mvua zilipokaribia, kaka yake alikuja kutoka Sibwesa na baiskeli. Mama akaniita uani.

"Nakwenda kulima kwetu. Hapa shamba nalo mzee ameliuza."

"Mama, unaweza kukaa," nikamwambia. "Hakuna anayekufukuza."

"Nikae kama nani?"

Nilitafuta jibu kwenye uso wa mume wangu, naye akaangalia chini.

"Naomba kitu kimoja," mama akasema. "Mlango wa chumba changu. Ni mninga. Baba yangu aliuchonga nilipoolewa."

Mume wangu akaleta bisibisi akaung'oa kwenye bawaba. Kaka wa mama akaufunga kwenye baiskeli kwa kamba za mpira, ukawa mpana kama kitanda, ikabidi aisukume. Nilishika upande mmoja usiyumbe, tukatembea hivyo hadi barabarani, mama nyuma yetu na furushi lake kichwani.

"Inatosha, mwanangu," akasema. "Rudi, umeacha watoto peke yao."

Nikarudi. Watoto walikuwa wanaingia na kutoka kwenye kile chumba kisicho na mlango, wanafukuzana na kucheka. Nilitaka kuwakataza, lakini sikujua ningewaambia sababu gani.