Chupa ya Miwa Niliyopeleka Kighare

Baba mkwe wangu hali ngano. Hali wala hanywi chochote chenye ngano au shayiri, maana utumbo wake haupatani na gluteni, kile kitu kinachofanya unga wa ngano uvutike kama mpira. Alikonda miaka mingi, na kijijini kwake Kighare, huko mlimani, watu wakasema mengi, mpaka hospitali kubwa ikampima na kumwambia aache chapati, maandazi na bia. Akaacha. Nilipomfahamu mimi alikuwa na mashavu, anapanda kilima cha migomba yake huku mimi nahema nyuma. Ukimkaribisha chai na andazi anasema, "Asante, hilo linaniumiza," bila aibu yoyote. Mimi ningelila kwa haya tu. Nilimpenda hapo hapo, hata kabla hajanikubali.

Kunikubali ndiyo ilikuwa kazi. Mimi ni mtu wa Makanya, kule chini tambarare, napakia jasi kwenye malori, shule niliishia darasa la saba. Ila kwa ndoto sijambo, nilishawapa hata watoto wetu majina. Kwao, mkienda kuposa mnapeleka chupa ya pombe kali. Mzee akinywa funda la kwanza, mazungumzo yanaanza. Akiiweka chini, mnaaga kwa heshima na kushuka mlima.

"Na baba hajui kunywa kwa kujifanya," mchumba wangu alinionya kwenye simu. "Ukileta isiyomfaa ataiweka chini mbele ya ukoo mzima."

"Sasa nilete ipi?"

"Nimemuuliza nesi. Anasema pombe kali inachemshwa, kinachokusanywa ni mvuke, na gluteni haipandi na mvuke. Kwa hiyo hata ya nafaka kwa kawaida inakuwa haina. Shida ni vile vionjo wanavyotia baadaye. Chukua nyeupe, isiyo na kionjo. Na ikiwa ya miwa au zabibu, baba atakunywa kwa amani."

"Nesi amesema yote hayo?"

"Nilimrudia mpaka akanichoka. Wewe unaona mchezo? Ni baba yangu, halafu ni wewe."

Hilo "halafu ni wewe" nilitembea nalo wiki nzima.

Dukani Same mjini nilizigeuza chupa moja moja. Kulikuwa na moja ya asali, lebo ya dhahabu, inang'aa kweli kweli. Nikaisoma mbele na nyuma, haikusema hiyo ladha imetoka wapi.

"Kaka, unanunua au unasoma gazeti?" muuzaji akaniuliza.

Nikairudisha ya asali, roho ikiniuma, nikachukua nyeupe. Lebo yake ilisema miwa, basi, na kizibo hakijaguswa.

Siku ya posa mshenga wetu alikuwa mjomba wangu, amevaa koti la harusi za watu. Tulikaa sebuleni, tukaamkia, tukaitikiwa. Mimi nilitakiwa kukaa kimya mwanzo mpaka mwisho, mposaji hasemi. Mjomba akaitoa chupa. Shangazi wa mchumba wangu akainama kuiangalia.

"Mbona haina hata rangi? Huko tambarare ndiyo mnakunywa maji?"

Watu wakacheka. Mjomba akaona haya. Nilikuwa nimemwambia kwamba mzee hagusi bia, naye akaelewa kwamba kinachomdhuru ni kilevi kilichomo kwenye bia. Basi akafungua mkoba wake, akatoa ile soda nyeusi ya kimea aliyojinunulia ya njiani, isiyo na kilevi hata kidogo, akamimina nusu kwa nusu kwenye glasi ya mzee, ili kilevi kipungue.

"Mzee hapewi kali kavu," akasema kwa madaha. "Tumlainishie koo."

Baba mkwe akapokea glasi kwa mikono miwili. Akaiinua.

"Baba, usinywe!"

Ilikuwa sauti yangu. Sebule yote ikanigeukia.

"Makubwa!" shangazi akapiga makofi. "Bwana harusi ana mdomo!"

"Kwa nini nisinywe?" mzee akauliza, glasi bado iko hewani.

"Hiyo soda ni kimea. Kimea ni shayiri, baba."

"Lakini haina kilevi!" mjomba akalia.

Mzee akainusa. Kisha akaiweka chini, taratibu, juu ya kitambaa. Nikajua ndiyo hivyo, tunaaga.

"Na iliyobaki kwenye chupa?"

"Ya miwa. Haijatiwa kitu."

"Nani kakufundisha hayo?"

Nikautazama mlango wa jikoni, pazia likatikisika. "Binti yako, baba. Alimsumbua nesi."

Mzee akainuka yeye mwenyewe. Hakumtuma mtu. Akatoka uani, tukasikia maji yanamwagika, akarudi na glasi nyingine inayodondosha matone, akajimiminia ile nyeupe tupu mbele ya wote. Mtu mzima, na wakwe sebuleni, anaosha glasi yake asidhurike, wala hajali nani anamtazama. Sijawahi kumwona mwanaume mkubwa kuliko yule.

Akanywa. Akakohoa mpaka macho yakajaa machozi.

"Lo, kali hii!" akasema, akijifuta kwa kiganja. Kisha akamgeukia mjomba. "Haya mshenga, sema mlichokuja kusema. Huyu kijana mwache anyamaze sasa, yake ameshasema."