Dagaa Niliowazika Kwenye Tuta la Kanisa

Waliokuwepo siku ile nitawataja wote, maana aibu yenye mashahidi haifichiki, na mimi nimechoka kujaribu kuificha. Alikuwepo Mchungaji, aliyefika kwa baiskeli kutoka Mwandiga, mguu mmoja wa suruali ameufunga kwa ugwe wa mgomba usinaswe na mnyororo. Alikuwepo Mama Eliza, mkubwa wa akina mama wa kanisa letu, ambaye watu walimwita mwenye bustani, naye alikuwa akijibu kwamba bustani ni ya Mungu, yeye ni mpiga kelele tu. Alikuwepo Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu, mwanika dagaa, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwepo baba yangu mdogo Gervasi, kutoka Kagunga, na kofia yake ya pama. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Neema na Tito. Alikuwepo Mzee Balozi wa nyumba kumi, pamoja na mbwa wake aliyeitwa Kupe (zile zilikuwa siku ambazo kila asiyefanya kazi aliitwa kupe, na yule mbwa kazi hakuwa nayo). Na waumini wengine wote, wake kwa waume, ndani ya nguo zao za Jumapili. Kama kuna mtu wa kijiji chetu hakuwepo, basi alisimuliwa kabla jua halijazama.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Tulihamishwa kutoka milimani tukapangwa kwa mistari karibu na ziwa, kila mtu anajifunza jirani upya, na msimu ule wa kwanza njaa ilitupiga kweli. Ugonjwa nao haukuchelewa. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi niliyekuwa darasa la sita nikaacha shule nikashika jembe, kwa sababu Neema alikuwa bado msichana mdogo na Tito alikuwa mdogo kabisa, hapati usingizi mpaka anishike sikio. (Usicheke. Mimi sikio hili la kushoto liliwahi kuvimba kwa sababu yake.)

Kanisa letu lilikuwa na paa, kuta hakuna. Wanaume wakataka tufyatue matofali. Mama Eliza akasimama akasema, "Mtu haimbi vizuri tumbo likinguruma. Tulime kwanza, kuta zitatukuta shambani." Basi tukalima bustani kando ya kijito, hatua chache kutoka ziwani: lengalenga, nyanya, bilinganya, kabichi. Kila nyumba ikapewa tuta lake, na mboga za kwanza za kila tuta hazikuliwa na aliyelima, ziliingia kwenye tenga la Mama Eliza zikaenda kwa wasio na mikono ya kulima: wajane, wagonjwa, wazee, awe wa kanisani au wa msikitini, tenga halikuuliza. Wengine waliona tunacheza. Lakini mimi nasema kweli, sijapata kusali vizuri kama nilivyosali nimebeba debe la maji begani asubuhi, miguu kwenye tope, na akina mama wanaimba mbele yangu.

Sasa, Jumapili ya mavuno ilikuwa na desturi yake. Ibada hufanyika bustanini, Mchungaji anapita tuta kwa tuta, na mwenye tuta anang'oa mmea wa kwanza mbele ya watu wote. Ndiyo siku aliyoichagua baba mdogo. Alituma salamu kupitia wavuvi wa Kagunga: atakuja kuangalia kwa macho yake kama mimi naweza kulea. Kama siwezi, Neema atakwenda kukaa kwake na Tito atapelekwa kwa shangazi, upande wa Burundi. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyokuwa, watoto wa marehemu hugawanywa kwa ndugu, na mimi sikuwa hata na ndevu za kumbishia.

Nami nikaenda kulitazama tuta langu. Jamani! Kabichi za wenzangu zilikuwa zimefumba kama vichwa vya wazee, zangu zilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto, tena za njano, kama zina homa.

Wiki ileile mvua ilikuwa imemharibia Mama Zuhura dagaa wake mchangani. Wamelala marundo, wananuka hadi barabarani.

"Mama, hawa unawatupa?" nikamwuliza.

"Niwatupe wapi, wamejitupa wenyewe. Unawataka?"

"Nasikia ni mbolea."

"Ni mbolea, tena nzuri. Lakini nisikilize, mwanangu. Chimba shimo mbali, uwamwagie majivu, uwasahau mpaka uandame mwezi mwingine. Ukiwaweka hivihivi utaalika wageni."

Nikamwambia nimesikia. (Kusikia nilisikia.) Lakini mwezi mwingine mimi ningekuwa nimeshabaki na nyumba tupu, kwa hiyo nikajaza tenga, nikawazika dagaa wale mbichi wenye maji, kila kabichi na fungu lake, udongo kidogo juu. Nikapiga magoti palepale nikamwomba Mungu azikuze upesi. Nadhani hata yeye alishika pua.

Jumapili ikafika, na jua nalo likafika mapema. Nimevaa shati jeupe la marehemu baba, lile alilofungia ndoa. Watu wanaimba huku wanatazamana.

"Kuna mtu kafa hapa?" akauliza Mzee Balozi.

"Ni ziwa hilo, upepo umegeuka," Mama Eliza akamjibu, lakini nilimwona ananitazama mimi.

Baba mdogo akaja akasimama kwenye tuta langu, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ndilo lako hili?"

"Ndilo."

"Mbona linanuka?"

"Ni mbolea, baba."

"Mbolea ya nini?"

"Ya... ya kanisa, baba."

Neema akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika, sikujua kama analia au anacheka.

Mchungaji akasema tufumbe macho tuombe. Sala za yule mzee zilikuwa ndefu, alianzia kwa Adamu akashuka naye taratibu. Tulipokuwa bado kwa Nuhu nikasikia kitu kinahema miguuni pangu. Nikafumbua jicho moja. Kupe! Ameshaingiza pua chini ya kabichi ya kwanza, mkia unacheza. Nikamsukuma kwa mguu, akahamia kabichi ya pili. Nikamtolea macho, naye akanitolea macho. Halafu nikaona mbwa wengine wawili wanakuja kwa adabu wakipita katikati ya waumini, na kunguru juu ya mchikichi wanasogeleana kama wanajadiliana.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa pili. Nikasema, watu wote wamefumba macho, wacha nivue shati nilifunike tuta, harufu isitoke. Nikavua, nikatandaza. Kumbe shati lenyewe lilikuwa limeshaingia harufu, na Kupe akaona ndiyo dagaa mkubwa kuliko wote, akaling'ata akaondoka nalo.

Shati la baba! Sikukumbuka sala, sikukumbuka Nuhu, nikamfuata tumbo wazi. Kupe akakata kushoto, nami nikakata kushoto, tukapita kwenye lengalenga za watu, tukapita kwenye bilinganya, tukaingia kwenye tuta la Mama Eliza, nyanya zimefungwa mitini vizuri, zimeanza kuiva, na mimi nikajikwaa kwenye mti wa kwanza, nikashika wa pili, wa pili ukashika wa tatu, na tuta zima likalala chini pamoja nami. Nikainuka, nikateleza, nikaingia kwenye dimbwi la kumwagilia kwa kichwa.

Nilipotoka nilikuwa mweusi kwa tope, nyanya zimepasukia kifuani, na kanisa zima limefumbua macho. Nyuma yao kunguru walikuwa juu ya tuta langu wanajihudumia, kabichi zangu zimelala mizizi juu. Kupe akarudi, akaliweka shati miguuni pangu, akaanza kunilamba goti.

"Amina," akasema Tito peke yake.

Ndipo watu wakacheka. Walicheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akakaa chini, na Mchungaji alijificha nyuma ya Biblia yake lakini Biblia ilikuwa inatikisika. Aliyebaki bila kucheka ni baba mdogo. Akavaa kofia yake.

"Nimeona," akasema. "Neema, Tito, nendeni mfunge mizigo. Mtumbwi unaondoka jioni."

Kicheko kikakatika. Neema akaenda kusimama mbele yake. "Baba mdogo, anatulisha. Leo ananuka, lakini anatulisha."

"Kwa hizi?" Akaonyesha kabichi kwa kidole. Tito alikuwa ameshaning'ang'ania mguu, na tope lote lile.

Mama Eliza alikuwa anaokota nyanya zake, moja moja, anazitazama, anazitupa. Akasema bila kugeuka, "Gervasi ndugu yangu, kwenu Kagunga mtu akiharibu shamba la mwenzake anafanywaje?"

"Analipa."

"Asipokuwa na kitu?"

"Analipa kwa mikono yake, na mikono ya nyumba yake. Ni desturi, wewe unaijua."

"Naijua, nilitaka uiseme wewe." Sasa akageuka, uso mkavu kabisa. "Huyu kijana kaniharibia tuta zima. Na nyumba yake ndiyo hao wawili unaowaambia wafunge mizigo. Ukiwachukua, mimi nitalimiwa na nani? Na wewe?"

"Mama, hao ni watoto wa kaka yangu..."

"Na nyanya zile zilikuwa za wajane. Mzee Balozi, sema wewe, si ndivyo desturi ilivyo?"

Mzee Balozi, ambaye alikuwa anaomba kimoyomoyo mtu asikumbuke mbwa ni wa nani, akaruka, "Ndivyo! Ndivyo kabisa! Hakuna mtu kutoka hapa mpaka deni liishe!"

Baba mdogo akatutazama, akaitazama ile bustani iliyolala, akapumua. Alikuwa mtu wa haki, na maneno yalikuwa yake mwenyewe.

"Haya. Akimaliza kulipa, nitumieni salamu, nije kuwachukua."

"Tutakutumia," akasema Mama Eliza.

Nitasema ukweli, siku ile nilimchukia. Kuanguka nimeanguka, kuchekwa nimechekwa, na bado ananidai mbele za watu, mimi yatima! Nilioga ziwani nikilia, Mama Zuhura akaja na sabuni, hakuniambia "nilikwambia," alinisugua mgongo tu kama mtoto wake. Tuliporudi tukakuta watu wamekunja nguo zao za Jumapili wanasimamisha miche upya, na baba mdogo Gervasi, suruali magotini, anafukia mashimo ya mbwa kwenye tuta langu, kwa sababu mtu alikuwa amempa jembe na hakuweza kulikataa. Mchungaji alimalizia sala akiwa ameshika mche wa bilinganya. Tenga la wajane siku ile lilijaa nusu, na nusu ile ilikusanywa kwenye matuta ya wote isipokuwa langu.

Msimu uliofuata tulilima tuta la Mama Eliza mimi, Neema na Tito, kwa mbolea iliyooza vizuri shimoni, na nyanya zilitoka hizo, nyekundu, nzito. Nikampelekea Mama Eliza tenga zima. Akachukua moja, akainusa, akaigeuza.

"Hizi si kama zangu," akasema. "Zangu zilikuwa tamu. Bado."

Nikarudi nyumbani nimefura. Nikamwambia Neema kwamba yule mama ana roho ngumu, hatatuachia mpaka tuzeeke.

Neema alikuwa anachambua lengalenga. Akanitazama kwa huruma. "Kaka, wewe kweli shule hukumaliza. Siku akisema umelipa, nani anakuja?"

Nikakaa chini. Nikachambua naye, mpaka mboga zikaungwa kwa mawese zikaiva.

Tangu siku ile sijazika dagaa mbichi popote, na nimeapa kwamba mtu mwenye umri mkubwa kuliko mimi akiniambia subiri mwezi uandame, nitasubiri hata miwili. Kila mavuno baba mdogo alituma wavuvi waulize, "Ameshalipa?" na kila mavuno walirudi Kagunga na neno lilelile, mpaka ikawa ni salamu, mpaka yeye mwenyewe akawa akija kula nyanya na kucheka. Neema ameolewa, nyumba ya tatu kutoka hapa. Tito anafanya kazi bandarini Kigoma, ana ndevu kunizidi.

Wiki iliyopita nimepeleka tenga. Mama Eliza haoni vizuri siku hizi, alipapasa nyanya kwa vidole, akaleta moja puani, akaitafuna palepale, maji yakamtiririka kidevuni.

"Mama," nikamwuliza, "zimebaki nyingi za kulipa?"

Akajifuta kwa ncha ya kanga, akatafuna taratibu, hana haraka.

"Nyingi," akasema. "Wewe panda tu."